Tabaka Nililonyamazia

Vijana wa stoo ya sampuli wameniomba niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijasahau. Niliwaambia mimi si mtu wa kuandika. Shule niliachia darasa la saba, na Kiswahili changu wanakijua, kina mashimo kama barabara ya Modogashe. Wakasema, andika tu, Mzee Dekow, sisi tutapita polepole. Basi piteni. Mkiona mahali nimejisifu, kateni. Mkiona nimemsifu Bare kupita kiasi, hapo pia angalieni vizuri, kwa sababu mwenye wivu huogopa kujulikana, akazidisha sifa.

Mtu wa nje hudhani kazi yetu ni maji. Mwisho wake ni maji, sikatai. Lakini kutwa nzima kazi ni kujua udongo upi ulitangulia na upi ulifuata. Miaka yake hatukuijua wala hatukuiuliza. Tuliuliza kama mtu anayeingia nyumba ya wageni akakuta watoto wengi: nani mkubwa hapa, nani anamfuata, nani kitinda mimba.

Bare na mimi tuliandikwa siku moja hapa Garissa. Yeye alikuwa ametoka kuchunga, amesoma chuo cha Kurani tu. Mimi nilikuwa na cheti changu cha darasa la saba ndani ya nailoni, nimekikunja mara nne. Siku ile mtambo ulikuwa unachimba kisima nyuma ya mji, na kila mita mbili fundi alitutolea chengachenga za udongo tuziweke kwenye mifuko. Mzee Mutua, mwanajiolojia wetu, Mkamba mrefu mwenye kofia ya turubai, alitugawia mifuko nusu kwa nusu, akasema tuipange, akaenda kunywa chai.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha vitambaa sokoni. Nikapanga mifuko kama alivyonifundisha kupanga vitambaa: nyeupe pamoja, ya kijivu pamoja, nyekundu mwisho. Ilipendeza, wallahi. Bare hakujua kupanga chochote. Aliweka mfuko wa kwanza chini, wa pili nyuma yake, wa tatu nyuma ya huo, mstari mmoja mrefu kama ngamia waliofungwa mkia kwa pua.

Mzee Mutua akarudi. Akasimama juu ya kazi yangu.

"Kijana, umefanya nini hapa?"

"Nimepanga, mzee."

"Umepanga? Umechanganya babu na wajukuu, umewavalisha nguo za rangi moja!" Halafu akageukia mstari wa Bare. "Huyu nani amemfundisha?"

Bare akasema, "Hakuna mtu, mzee. Iliyotoka kwanza iko mbele. Si ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo," akasema Mutua, na akampiga begani.

Bega lile nililiona mimi. Kwa haki, Bare hakufanya lolote ila kutokuwa na mama wa vitambaa. Lakini wivu hautafuti haki. Ulianza pale, ukalala ndani yangu, na kila mwaka juu yake likaja tabaka lingine.

Mutua alitufundisha kwa vitu vilivyokuwa karibu. Alitupeleka ukingoni mwa Tana, mahali mto umekata ukuta wa udongo, akatuonyesha mafuriko yaliyolala moja juu ya jingine, mengine membamba kama mkate wa anjera, mengine ya unene wa godoro. La chini lilikuja kwanza. Katikati ya ukuta kulikuwa na shimo la takataka ambalo mtu alilichimba zamani, limekata mafuriko manne. Akauliza, "Shimo na mafuriko haya manne, nani mdogo?" Bare akajibu kabla swali halijafika chini: "Shimo. Huwezi kukata mkate ambao haujapikwa."

Nilikuwa najua jibu. Nilikuwa najua, ila nilikuwa natafuta Kiswahili chake.

Akatufundisha pia kwamba kokoto iliyo ndani ya tabaka ni kubwa kwa umri kuliko tabaka lenyewe, kwa sababu lazima iwe ilikuwepo mahali pengine kwanza. Na kwamba tabaka haliwezi kuwa kubwa kuliko kitu kilichozikwa ndani yake wakati linalala. Ukikuta kipande cha kikombe cha plastiki ndani ya matope, matope hayo si ya zama za mababu. Na akatuonya kwamba wakati mwingine mto wa kale hula matabaka mawili matatu ukaondoka, na jipya likaja kulala moja kwa moja juu ya lililozeeka sana, kama mjukuu aliyekaa kwenye mkeka wa babu wakati baba hayupo. Hapo ndipo watu hukosea, alisema.

Niseme na siku yangu. Hagadera, kambini, tulikuta mashimo ya vyoo yamechimbwa kwa mkono, na karibu na kila shimo kichuguu cha udongo. Bare akaanza kukisoma kichuguu kutoka juu kwenda chini: hii ya juu ndiyo tabaka la juu. Nikamwambia, "Warya, ngoja. Ukishusha mzigo wa ngamia, mkeka wa juu si ndio unafika chini kwanza? Kichuguu kimepinduka. Cha juu hapa ndicho cha chini kabisa kule shimoni." Bare akacheka, akajigonga kipaji, akasema nimemwokoa. Mutua akatazama kichuguu, akasema, "Ndiyo." Ndiyo tu. Hakugusa bega la mtu. Bare alisahau siku ile kabla hatujafika Garissa, mimi naikumbuka hadi rangi ya yule punda aliyekuwa amefungwa kando.

Sasa meno. Nyinyi mna mashine siku hizi, lakini meno bado ni mashine nzuri. Unachukua udongo kidogo kama punje ya mtama, unauweka kati ya meno ya mbele, unauma taratibu. Udongo mtupu huteleza kama siagi. Wenye vumbi la mchanga hukwaruza, hata kama kidoleni unaonekana laini. Hapa kwetu jambo hilo ni kubwa, kwa sababu upande ule wa Modogashe kuna udongo mwekundu aina mbili na kwa macho ni mapacha. Wa juu huteleza, na chini yake kuna mchanga wa maji ya chumvi. Wa chini hukwaruza, na chini yake kuna mchanga wa maji matamu. Mchanga wa chumvi unauziba kwa bomba zima. Mchanga wa maji matamu unauwekea bomba lenye matundu. Ukiwachanganya hao mapacha umeziba maji na kufungulia chumvi.

Bare alikuwa na meno. Sijui niseme vipi. Mimi nilikuwa nauma mara tatu na kusema labda. Yeye aliuma mara moja, akatema, akasema "ya juu" au "ya chini," na kisima kikatoka vile. Mutua akamwita Meno. Mimi nilikuwa Dekow.

Mwaka ninaotaka kuuandika, Mutua alikuwa nyumbani kwake Ukambani kumwoza binti yake, na sisi tulikuwa na kisima nje kidogo ya Modogashe. Kabla ya kuondoka alitushika wote wawili, akatoa daftari la kisima.

"Bare atasoma udongo. Dekow ataandika anachosema Bare."

"Sawa, mzee," nikasema.

Kwa haki, ulikuwa mgawanyo mzuri. Bare hakuweza kuandika zaidi ya jina lake, na mimi hati yangu inasomeka. Lakini nililala na maneno yale kama mtu aliyelalia mwiba. Karani wa mchunga ngamia!

Ilikuwa Ramadhani. Adhuhuri mtambo ukaingia udongo mwekundu. Juu yake tulikuwa tumepita jiwe jeupe lenye magamba madogo ya konokono, na mchanga kidogo. Bare akashika udongo, akausugua, akaunusa, akatikisa kichwa.

"Huyu lazima niume," akasema. "Na nimefunga."

Nikamwambia wapo masheikh wanaosema kuonja bila kumeza hakuvunji saumu, kama mpishi anavyoonja mchuzi. Akasema, "Nimesikia. Lakini mimi nina shaka, na kitu cha shaka nakiacha. Tusubiri magharibi."

Fundi wa mtambo, Njoroge, akapiga kelele kutoka juu ya mashine. "Magharibi! Hii shimo inabomoka ikikaa! Mnataka nizike mabomba yangu hapa?"

"Basi wewe uma," Bare akamwambia. "Wewe hujafunga."

Njoroge akashuka, akachota, akatafuna kama anatafuna muhogo. Tukamwangalia mdomo.

"Haya, vipi? Inateleza ama inakwaruza?"

"Ni matope," akasema Njoroge, akitema. "Mlitaka niseme ni biriani?"

Tulicheka wote hata njaa ikatulia. Njoroge akaendelea kuchimba, na alikuwa na haki, kuta zilikuwa zinamwagika kweli. Nilijua kwa sababu mimi ndiye nilikuwa kwenye chujio, pale maji ya mtambo yanapomwaga udongo wa shimoni.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Katika ule udongo mwekundu yalianza kutoka magamba ya konokono. Kama magamba ni ya udongo ule, basi udongo haukutangulia konokono hao, na hao konokono tuliwajua: ni wa jiwe jeupe na udongo wa juu, kwenye udongo wa chini hawamo kamwe. Lakini kama magamba yameanguka tu kutoka kwenye lile jiwe jeupe lililobomoka juu, hayasemi kitu. Ni kama mgeni aliyeanguka kutoka darini, huwezi kumhesabu kwenye ukoo wa nyumba. Namna ya kujua ni moja. Njoroge alipoinua mtambo kuongeza bomba, akaacha maji yazunguke bila kuchimba, je, magamba yaliendelea kutoka?

Yaliendelea. Niliyaona. Mtambo umesimama, hakuna udongo unaokatwa kule chini, na kwenye chujio langu magamba yanakuja meupe, kumi, kumi na tano. Yalikuwa yanaanguka, na mtambo uliposhuka tena hayakuzidi: udongo wenyewe haukuwa na magamba, na ule wa juu haukosi. Udongo ule ulikuwa wa chini, na mto wa kale ulishamla pacha wake wa juu.

Adhana ya magharibi ikaingia. Tukala tende, tukanywa maji. Bare hakungoja chai. Akafungua mfuko, akauma, akauma tena, yeye wa mara moja.

"Unakwaruza," akasema. "Lakini mchanga wa juu unabomoka, pengine ninauma mchanga ulioanguka. Mchanga unaniambia huyu wa chini. Magamba yananiambia huyu wa juu." Akanigeukia. "Dekow, walaal, ndugu yangu, wewe ulikuwa kwenye chujio. Magamba yalitoka mtambo ukiwa unashuka tu, au hata uliposimama?"

Nilikuwa na tende mdomoni. Nimefikiria tende ile kwa miaka mingi, kwa sababu ilinipa nafasi ya kutafuna kabla ya kujibu, na nafasi hiyo ilitosha mtu mwema kuwa mwema.

"Ukishuka tu," nikasema.

Sikusema sikumbuki. Sikusema sikuangalia. Nilitaka mara moja tu Meno yakosee.

Akanitazama kama mtu aliyepewa maji. "Basi magamba ni yake. Andika: udongo wa juu."

Nikaandika. Hati nzuri, inasomeka hadi leo.

Kilichofuata mnaweza kukibashiri. Mchanga uliokuwa chini ya udongo ule, mchanga wa maji matamu, tuliuziba kwa bomba zima tukidhani ni wa chumvi. Tukaenda chini zaidi, tukakuta udongo mwingine, tukaufanya pacha wa chini, tukaweka matundu chini yake. Baada ya Idi pampu ikawashwa. Wanawake wa kijiji walikuwa wamepanga mitungi ya njano tangu asubuhi, na wa kwanza alikuwa mama mmoja aitwaye Halima, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mbuzi. Akakinga kiganja, akanywa, akatema pembeni kwa adabu.

"Haya ni ya ngamia," akasema. Akachukua mtungi wake mtupu, akamfungua punda wake, wengine wakamfuata. Hakuna aliyetutukana. Walirudi kwenye njia yao ya zamani, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi.

Mutua alipokuja alifungua daftari, akauliza nani alisoma udongo. Hati ilikuwa yangu, lakini Bare akasema, "Mimi, mzee. Nilisoma vibaya." Hakutaja chujio. Hakunitazama. Mutua akafunga daftari, akanipa mimi: tangu siku hiyo kusoma udongo na kuandika vyote vikawa vyangu.

Miezi saba baadaye tulirudi kuchimba kisima kingine, hatua ishirini kutoka kile cha kwanza. Bare akakaa kwenye chujio. Mimi niliuma, ukakwaruza, nikasema wa chini kwa sauti kubwa. Bila shaka nilijua, nilikuwa nimejua miezi saba. Maji yakatoka matamu. Mutua akanipiga begani akasema, "Vizuri sana, Dekow." Ningependa kuwaandikia kwamba bega lile liliniuma. Halikuniuma. Nilifurahi siku mbili nzima.

Bare hakufukuzwa. Aliondoka mwenyewe mwaka uliofuata, akaenda Kotile kwa ng'ombe wa mjomba wake. Mimi nilibaki na daftari hadi nilipostaafu. Mnaijua ile safu tunayojaza, ya kuonyesha kama mtambo ulikuwa unashuka au umesimama sampuli ilipotoka? Mimi ndiye niliyeilazimisha. Mkaguzi mmoja aliisifu sana, akauliza niliitoa wapi. Nikasema, uzoefu.

Nilipostaafu nilienda Kotile. Bare ana mvi, ana ng'ombe wazuri, na meno yote yamo, nayo nikayaonea wivu kwa sababu yangu ya mbele yamebaki mawili. Tuliongea Kisomali, ninayaweka hapa kwa Kiswahili. Nilimwambia yote: magamba, mtambo uliosimama, tende. Alikuwa anamkamua ng'ombe na hakuacha.

"Nilidhani hivyo," akasema mwishowe. "Ulijibu kwa uhakika sana. Wewe hukuwahi kujibu kitu bila labda."

"Kwa nini hukumwambia Mutua?"

"Nimwambie nini, kwamba nadhani? Mimi ndiye niliyesema andika." Akamsukuma ndama pembeni. "Na yule mama wa mitungi, umemwambia?"

"Mama yupi?"

"Dekow! Mimi nilipoteza daftari ambalo siwezi hata kulisoma. Yeye alitembea."

Niliondoka pale nimekasirika. Nilikuwa nimebeba toba miaka yote hii, naye kwa swali moja ameiona fupi. Lakini nilipima swali lile kila upande, na kila upande lilikuwa la haki. Wiki iliyofuata nikapanda lori la mbuzi lililokuwa linarudi tupu Modogashe.

Halima yuko hai. Amekuwa mzee kama mimi, sauti ni ileile. Nilimkuta kwenye bomba la kisima kile cha pili, amekaa juu ya mtungi akisubiri zamu. Nikamsalimia, nikajitambulisha, nikasema neno langu mbele ya wanawake wawili ambao hawakuulizwa kama wanataka kusikia. Nilisema nilijua, na nilinyamaza, na sababu ilikuwa wivu.

"Wivu wa nini?" akauliza.

"Wa mtu kupigwa begani."

Wale wawili wakaziba midomo kwa shela. Halima hakucheka.

"Miezi saba," akasema. "Punda wangu alifia njia ile. Nilikuwa na mimba ya mwanangu Abdullahi, nikabeba mgongoni hadi mwezi wa nane. Wewe ulikuwa unalala wapi?"

"Garissa."

"Haye." Akainuka, akakinga mtungi hadi ukajaa, akafunga kifuniko, akausukuma kwa mguu hadi kwangu. "Beba."

"Mpaka wapi, eddo?" nikauliza, kama mtu anavyomwita shangazi yake.

"Nitakuambia pa kushusha."

Nikabeba begani. Njia ya mchanga, jua la saa tano, yeye mbele na bakora. Karibu na nyumba ya kwanza nilitaka kushusha, akapita. Nyumba ya pili akapita. Nilipokuwa siwezi tena kuvuta pumzi akasema bila kugeuka, "Yule mwenzako alikuja mwaka uleule."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule mwenye meno. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, akasema yeye ndiye alisoma vibaya, tusamehe. Nikamwambia abebe. Alibebea kijiji kizima siku tatu."

Kumbe. Pale Kotile hakunigusia hata neno. Nikasimama katikati ya njia, mtungi begani, jasho machoni, na ile kitu ya siku ya kwanza ikaamka ndani yangu na nguvu zake zote, kana kwamba haijawahi kuzeeka.

"Mimi nitakaa siku nne," nikasema.

Halima akageuka, akanitazama kutoka kofia hadi ndara, akaendelea kutembea.

Nilimaliza mbili. Siku ya tatu mgongo ulikataa kuinuka mkekani, na Abdullahi ndiye aliyenipandisha kwenye lori.